Kibao cha Mwenge

Jumatatu, 4 Mei

Vita vimeanza. Raheli, mke wangu, ametangaza kwamba mama yake anakuja Jumamosi kutoka Chamwino kutibiwa macho, na atalala chumba cha uani. Chumba cha uani! Ndimo kinamokaa kibao changu.

Kibao chenyewe ni cha barabarani, cha enzi za Mwingereza. Chuma kitupu. Juu pembetatu nyekundu, chini yake bamba lenye picha ya mwenge unaowaka. Nilikipata huku huku Zuzu, kwa mkulima aliyekuwa anafunikia nacho banda la kuku. Raheli anasema ni takataka. Kisipotoka kufikia Ijumaa anamwita Joel, jirani yetu wa vyuma chakavu. Huyo Joel anakitamani tangu siku ya kwanza. Kitayeyushwa kiwe nondo! Nimeshindwa kumaliza ugali.

Jumanne, 5 Mei

Nimepata! Nilikaa nacho tangu chai, nikikitazama. Mwenge. Nchi hii mwenge ni mmoja tu. Basi kumbe Waingereza, kabla ya kufungasha, waliweka kibao kuwaonya madereva kwamba Mwenge wa Uhuru unapita, wapunguze mwendo. Mwaka ule ule wa 1961. Hapa kwetu!

Mbio hadi kwa Mzee Mazengo, mwenyekiti wa mtaa. Shikamoo, nikamwaga yote. Alivua miwani, akaivaa tena. Akasema mtaa wetu Mwenge haujawahi kuukanyaga, kila mara unapita kwa wenzetu, na sasa historia imeongea yenyewe. Akaahidi kibao kitasimikwa kuwa kumbukumbu. Na kumbukumbu haiyeyushwi. Raheli atanyoosha mikono.

Jambo dogo tu. Nyuma ya kibao kuna tarakimu zimechomoza: 1949. Labda namba ya simu ya kiwanda. Nimezipaka rangi nyeusi.

Jumatano, 6 Mei

Mtaa mzima uko barabarani! Mawe yamepakwa chokaa pande zote mbili. Kina mama wanafanya mazoezi ya wimbo. Walimu wanawapanga watoto wa shule kwa halaiki.

Mimi nilisema Mwenge ulipita zamani. Nilisema hivyo kabisa. Lakini kufikia saa nne ilikuwa imeshakuwa kwamba Mwenge unapita Ijumaa. Sikusahihisha. Mtu hawezi kusahihisha kila kitu peke yake, na wimbo ulikuwa mzuri. Nimepewa kiti cha mbele. Majirani wamemsalimia Raheli kwa jina la Mama Mwenge. Hakutabasamu, ila hakununa pia.

Alhamisi, 7 Mei

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Joel alikuja na brashi ya chuma, eti anasaidia kung'arisha. Akaanzia nyuma! Akasoma kwa sauti mbele ya watu wote: 1949. Akauliza Uhuru tulipata lini. Kwaya nzima ikajibu.

Hapo hapo akafika Mwalimu Evarista, mstaafu, miaka themanini na minne. Alikitazama kibao, akacheka mpaka akakalia jiwe lenye chokaa mbichi. Akasema kibao hicho anakijua. Kilikuwa mbele ya shule aliyoanzia darasa la kwanza. Zamani zile, akaeleza, Mwingereza hakuwa akichora watoto wanaovuka. Pembetatu ilisema tahadhari, na bamba la chini likasema tahadhari ya nini. Shule ilichorwa mwenge, yaani mwenge wa elimu. Yeye na wenzake walidhani maana yake ni kwamba anayechelewa anachomwa moto, ndiyo maana walikuwa wakikimbia. Baadaye vibao vikabadilishwa, vikaja hivi vya watoto wawili, vile vya chuma vikang'olewa.

Nilimweleza kwa heshima kwamba pengine mienge ilikuwa ya aina mbili. Akasema hapana.

Kina mama wakaenda zao. Mzee Mazengo hakunitazama. Joel alikuwa anapima kibao kwa shubiri. Aibu sawa, nimeizoea. Lakini nimeumia moyo kuliko nilivyotegemea. Mtu fulani alikaa mbali huko akachora mwenge ule ili mtoto asigongwe, na kesho utakuwa nondo.

Ijumaa, 8 Mei

Guta la Joel lilikuwa mlangoni saa mbili asubuhi. Nilikikumbatia kibao. Raheli akaniambia niache kujidhalilisha mbele ya watu.

Ndipo akaingia Mwalimu Evarista na mwalimu mkuu wa shule yetu. Kumbe kibao chao kiliibwa mwaka jana, na malori yanapita pale kama yanafukuzwa. Wameomba kipya, bado wanasubiri. Wakauliza kama naweza kuwapa changu. Nikawajibu kwamba hilo ndilo lilikuwa lengo langu tangu mwanzo. Raheli alikohoa.

Joel mwenyewe amekibeba kwenye guta lake. Amechimba shimo pia, huku analalamika.

Na lori la kwanza! Dereva akaona mwenge. Akaona mawe meupe. Akaona kina mama wamekaa pembeni na kanga zao. Akafunga breki, akashuka, akavua kofia, akauliza Mwenge unafika saa ngapi. Mzee Mazengo akamwambia uko njiani, aende taratibu. Darasa la kwanza lote likavuka likiimba.

Mchana kutwa imekuwa hivyo hivyo. Wote wanapunguza mwendo. Mwalimu Evarista alifuta machozi, na mimi pia nililia, sitaki kudanganya humu. Mzee Mazengo amenipa mkono mbele ya Joel.

Jumapili, 10 Mei

Mama mkwe alifika jana. Chumba kimefagiliwa, cheupe. Raheli amechinja jogoo na firigisi akaniwekea mimi! Mara ya mwisho ilikuwa harusini. Nimemwapia kwamba chuma chakavu hakitaingia tena nyumba hii, wala hadithi zake.

Baada ya ibada, mama mkwe alitaja tu, hivi hivi, kwamba kwao Chamwino, nyuma ya zizi, kuna nguzo ya enzi za Mwingereza yenye kidole kirefu cha chuma. Maandishi yamelika. Kidole!

Nimempitia Mwalimu Evarista. Amesema ni kibao cha kuonyesha njia tu, zamani vilikuwa hivyo, pengine kilielekeza Manyoni. Maskini, umri nao. Mtu ahangaike kufua kidole cha chuma ili aonyeshe Manyoni? Pale pamefukiwa mali ya Mjerumani, na Mwingereza alijua.

Nimemwambia Mzee Mazengo peke yake, kwa siri. Hapa nilipokaa nasikia mtaa mzima unanoa majembe.