Mateke ya Chini ya Maji

Jumatatu, 4 Agosti
Kutwa kuvunja mawe ya kujengea hoteli. Jioni polo ya majini, mpira wa kurusha golini huku mnaogelea; watu wa ghuba hii hawana dini nyingine. Tripo, karani wa posta wa kijiji cha ng'ambo, kanipiga teke la mbavu chini ya maji huku usoni anatabasamu kama yuko harusini. Nikamrudishia kofi. Juu, hadharani. Nikatolewa mimi! Kapteni wetu Andjelko kaniambia nikigombana tena, fainali ya Jumamosi nitaitazama nikiwa mkavu. Balaa. Mke wangu Rosanda anashuka kutoka milimani kwa basi kuja kuniona. Nilimwandikia kwamba mimi ndiye nguzo ya timu.

Jumatano, 6 Agosti
Mechi ya kirafiki na hao hao wa ng'ambo. Kirafiki, eti! Nilinoa kucha kwa tupa ya kazini, nimparure Tripo chini ya maji. Kimyakimya, bila ugomvi. Nilisahau kwamba mwamuzi hukagua kucha kabla ya mechi, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kazikata mwenyewe mbele ya watu, zote kumi. Tripo akauliza, "Bibi harusi, na rangi tukupake?"

Alhamisi, 7 Agosti
Kirafiki tena. Mpango mpya: bukta. Asiye na bukta hafukuzii mpira. Nikapiga mbizi, chumvi inawasha macho, nikashika, nikavuta kwa nguvu zote za mvunja mawe. Nikaibuka na bukta mkononi. Tripo yuko pembeni anapumzika, kavaa yake. Bukta ni ya Kapteni. Kakaa majini hadi kina mama waliokuwa wakiota jua ufukweni walipokwenda kupika. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba fainali sichezi.

Jumamosi, 9 Agosti
Rosanda kafika na jibini na mashangazi wawili. Nimekaa ukutani nalinda mataulo. Nikawaambia nguzo huwekwa akiba. Dakika ya mwisho, nane kwa nane, beki wetu akabanwa na msuli. Hakuna mwingine. Kapteni akanisihi: "Vukota, ndugu yangu, inua mikono tu. Usimguse mtu." Nikainua. Nimetulia kama picha ya mtakatifu. Tripo akaninong'oneza, "Mchunga mbuzi, mkeo anajua unaogelea kama ng'ombe?"
Nikamzamisha.
Penalti. Tisa kwa nane.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimefungiwa hadi kiangazi kijacho. Rosanda, kabla ya kupanda basi, kaniapisha nikamwombe Tripo radhi. Nimekwenda posta. Nimeomba, kwa sauti, foleni nzima inasikia. Akanipa mkono. Akabana. Nikabana zaidi. Akatoa jasho, vidole vikaalika. Wazee wakaanza kushangilia.
Yeye ndiye aliyeanza.