Kinyumenyume hadi Uturuki

Leo nimeumbuka. Tena nje ya uwanja wa ndege, mchana kweupe, mbele ya watu nitakaokaa nao miaka minne.

Nawaandikia kutoka Addis Ababa, nasubiri ndege ya pili ya maisha yangu. Nimepata ufadhili wa kusoma uhandisi Uturuki. Nyumbani kwetu Kiembe Samaki hakuna aliyewahi kwenda kusoma mbali hivyo, kwa hiyo nimesindikizwa na gari tatu. (Uwanja wa ndege kwetu ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.)

Kabla hatujatoka, Bibi alisimama mlangoni na msahafu, akanipitisha chini yake mara tatu. Akaomba dua ndefu mpaka dereva akapiga honi. Kisha akaninong'oneza: "Ukishatoka, mjukuu wangu, usiangalie nyuma. Anayeangalia nyuma, safari humrudisha."

Msibishe. Ami yangu aliangalia nyuma siku anakwenda Maskati. Wiki ya pili tulikuwa naye barazani. Kwetu huo ni ushahidi tosha.

Basi nikakaa kwenye gari shingo nimeikaza. Tulipofika, aliyetaka kuniaga ilibidi azunguke aje mbele yangu. Mama alilia. Na mimi nililia, sifichi. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini kaunta ifungwe, nikasukuma toroli langu nikavuka mnyororo ambao wasindikizaji hawaruhusiwi kuupita.

Nyuma yangu makelele yakaanza. "Suleiman! We Suleiman!"

Nikajua ni uchungu wa kuachana. Nikakaza mwendo.

"Suleiman, ngoja!"

Moyo uliniuma, lakini nikamkumbuka ami.

Mlangoni askari akanyoosha mkono. "Pasipoti."

Nikajipapasa. Fulana ya ufadhili, hamna. Suruali, hamna. Begi, hamna. Soksi (sijui kwa nini soksi), hamna. Ndipo nikakumbuka: Bibi aliitia ndani ya msahafu ipate baraka. Na msahafu ulikuwa kwenye mkoba wake, nyuma ya mnyororo.

"Kaka, mbona wanakwita kule?" askari akasema. "Husikii?"

"Nnasikia. Siwezi kugeuka."

"Shingo inakuuma?"

Zimebaki dakika kumi na tano. Ufadhili mzima uko mkobani kwa Bibi! Nikafanya uamuzi ambao wakati ule niliuona wa busara kabisa: nikarudi kinyumenyume, toroli nikilivuta, macho nimeyakodoa mlangoni. Watu walinipisha. Nilikwenda vizuri, wallahi, hatua kama thelathini. Kisha kitu kikanigonga nyuma ya magoti, nikakaa. Nilipokaa palikuwa laini.

Nikainua macho. Vijana watano wamelizunguka toroli nililokalia, fulana zao kama yangu. Wenzangu wa ufadhili, ndiyo kwanza tunaonana. Msichana mmoja akaniambia kwa upole sana: "Samahani kaka, umekalia halua. Tunampelekea mwalimu wetu wa Uturuki."

Bibi akafika kwenye mnyororo, pasipoti mkononi. "Mwendo gani huo, Suleiman?"

"Si umesema nisiangalie nyuma?"

"Nlisema mlangoni petu! Ukishapanda gari geuka utakavyo, hata kama feni!"

Walicheka wote, wasindikizaji, wapagazi, na askari aliyeniuliza habari ya shingo. Mama, aliyekuwa analia, alicheka mpaka akashika mnyororo asianguke. Mimi nilichukua pasipoti, nikambusu Bibi mkono, nikakimbia. Ndege nimeiwahi, alhamdulillahi, wa mwisho kuingia, suruali imenigandia na halua.

Sasa tumekaa hapa, mimi na wale watano. Wamenunua chai, na ya kwangu wameninunulia. Watu wazuri, sina ugomvi nao. Mmoja ameniita sasa hivi kutoka meza ya pili: "Rivasi, njoo, chai inapoa!"

Nikaitika naam.

Ndugu zangu, jina langu ni Suleiman. Nawaomba mlikumbuke nyinyi, maana huku niendako nadhani halina kazi tena.