Masale ya Mzee Thomasi

Jumamosi, 3 Juni 1911

Sifael kanunua viatu! Sasa anamwambia Magdalena atampeleka kutazama bustani ya yule Mdachi hapa chini ya Nkoaranga, yenye bwawa na mabata. Muongo! Mtu mweusi hapiti lango lile. Magdalena kajibu kwamba atakayemfikisha kwenye mabata, huyo ndiye mwanamume. Basi ni mimi, Aminieli.

Nimekwenda kwa Mdachi. Anatafuta mimea ya kupamba ukingo wa bwawa. Nikasema ninayo, na ujira sitaki, aniruhusu tu nije na mgeni Jumatatu. Akakubali. Mimea yenyewe sina. Hilo dogo.

Jumapili, 4 Juni, Pentekoste

Watu wote kanisani. Mimi tumbo liliniuma ghafla.

Nimeng'oa masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, shambani kwa Mzee Thomasi, baba yake Magdalena. Najua, najua! Isale la mpaka haliguswi. Lakini ya mzee ndiyo yaliyonawiri, na yanakwenda kumfurahisha bintiye. Ni kama hayajatoka nyumbani.

Jumatatu, 5 Juni

Balaa! Magdalena kaja na baba yake! Sifael ndiye aliyemchochea mzee, mshenzi yule.

Nikatoa shikamoo ya kuinama mpaka chini. Mzee hakuwaona mabata. Aliona masale yake, kila moja na alama ya panga lake. Akauliza kwa upole nani kayahamisha. Upole ule! Nikatafuta uongo. Mara Mdachi akatokea, akanipiga begani, akanisifu mbele ya wote kwa mimea niliyomletea.

Magdalena akanitazama. Nikaona mke ananiponyoka.

Nikafanya afanyavyo kila Mmeru aliyekosa. Nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo, nikampa mzee kwa mikono miwili. Ukipewa isale, huwezi kukataa kusamehe. Mzee akalikazia macho lile jani. Akasema tangu azaliwe hajaombwa radhi kwa isale lake mwenyewe, la wizi. Akalipokea. Angefanyaje? Magdalena alicheka mpaka mabata wakakimbia.

Mdachi akafoka kwamba nimechuma jani bustanini mwake. Nikampa na yeye jani. Lo! Mila hajui kabisa. Naandika haya nimelala kifudifudi.

Jumatano, 7 Juni

Nimerudisha masale yote mpakani, majirani wakishuhudia. Aibu! Lakini Magdalena amesema viatu vya Sifael havijawahi kumchekesha. Mzee naye amekubali nije kuposa, ila akisikia nimegusa tena mpaka wa mtu, nisahau. Nimeapa.

Imebaki shida moja tu. Mdachi anataka ukingo wake ujazwe kabla ya Jumatatu, la sivyo kiboko tena.

Nimefikiri sana. Sifael ana masale mazuri mpakani kwake, na Jumapili hakosi kanisani, lazima akaonyeshe viatu. Jani la kumwombea radhi nimeshalichuma. Nimelifunga na fundo kabisa.