Malalamiko Kuhusu Sakafu Inayokataa Kuchakaa

Kwa Ndugu Mhariri wa ukurasa wa biashara,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti, na kiti chenyewe kiko juu ya sakafu ya kueleweka. Mimi ni muuza sakafu: vigae, mbao, mazulia. Wateja huniita Mjomba Pimamaji, kwa kuwa jicho langu huona sakafu iliyoinama kabla fundi hajatoa pimamaji yake mfukoni. Kuna ukumbi niliutandika vigae, nikaweka yai katikati. Yai likakaa siku tatu halijui liende upande gani. Elimu ninayo pia. Darasa la saba nimelisoma mara mbili, ukijumlisha ni kumi na nne.

Nakuandikia kwa heshima zote ili kukulaumu. Mwaka jana ulichapa ushauri kwa wenye maduka ya sakafu, wa kutafuta soko na kutunza mazingira. Niliukata kwa mkasi, nikaubandika ukutani, nikaufuata neno kwa neno. Sasa duka langu liko mbioni kugeuzwa saluni. Naeleza.

1. Uliandika: mwache mteja aionje sakafu kwa nyayo zake. Nikatandika vipande vya kila aina kuanzia mlangoni hadi mezani, viatu vikabaki nje. Watu walikuja, sikatai. Fundi cherehani wa jirani huja kila mchana kupoza miguu kwenye marumaru, na siku hizi anakuja na mto. Mama mmoja alimleta mwanawe ajifunze kutambaa kwenye zulia. Akajifunza. Wiki iliyofuata akasimama. Baadaye akatembea. Familia nzima ikanipa mkono, wakaondoka, mtoto akiwa mbele kwa miguu yake mwenyewe. Hawakununua hata kigae kimoja.

2. Uliandika: pokea sakafu kuukuu za wateja, uzipe kazi nyingine zisitupwe. Bwana mmoja akaniletea zulia. Nikalikata vifuta miguu kumi na moja, nikavigawa mtaa mzima kujitangaza. Jioni akaja mkewe, kumbe bwana hakumwambia. "Mjomba, zulia la mama yangu liko wapi?" Nikamwonyesha mlango wa kwanza. Alipita nyumba kwa nyumba akidai kipande kimoja kimoja, akavishona, akalitandika tena sebuleni kwake. Limependeza kuliko zamani, na jipya hataki hata kulisikia.

3. Uliandika: simulia historia ya bidhaa zako. Nikasimulia. Wateja wawili walitoka kabla sijafika kwenye ujana wangu.

4. Hapa ndipo penye msiba. Uliandika: uza sakafu inayodumu, maana inayochakaa upesi huishia jalalani. Ndugu Mhariri, ulipiga hesabu kweli? Sakafu yangu inakaa miaka hamsini. Mimi nina hamsini na miwili. Mteja akirudi nitakuwa na mia na miwili. Kumsubiri naweza, ukoo wetu hatufi ovyo ovyo, lakini hapa katikati nitakula nini?

Ng'ambo ya barabara yupo shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Anauza kapeti za plastiki zinazochanika kwa miezi minane. Wateja wake wanarudi mpaka wamejua majina ya watoto wake na mitihani waliyofeli. Wangu hunipungia mkono kwa mbali: "Mjomba, sakafu bado ipo!" Wanasema hivyo wakicheka, halafu wanakata kona.

5. Juzi nilimkuta mke wangu anapima duka kwa futi ya nguo. Hapa kioo, pale beseni la kuoshea nywele. Nisipopata mteja hadi mwisho wa mwezi, yeye anaanza kusuka. Nilipomkumbusha kwamba hii ni kazi ya maisha yangu, akanijibu, "Nywele za watu zinaota, baba. Sakafu zako hazioti wala hazifi." Nikajikuta namshikia ncha ya futi.

Kwa hiyo naomba uchape masahihisho kwamba sakafu iwe na tarehe ya mwisho kama maziwa. Uzishauri pia familia ziburute kabati kila Jumamosi; kulinyanyua kabati ni kumdhulumu muuza sakafu. Ikishindikana, njoo wewe mwenyewe na ukoo wako wote, mashangazi wanene wakitangulia, mrukeruke nyumbani kwa mteja wangu wa kwanza mpaka sakafu itoe ufa. Mimi nilishajaribu kwa nyundo, mbele ya mashahidi. Mpini ulivunjika, na mwenye nyumba akanipongeza.

Wasalimie wapiga chapa, wauza magazeti, mfagizi wa ofisi yenu, na familia yako yote hadi wanaotambaa.

Ni mimi, mwenye duka kwa siku kumi na mbili zilizobaki,

Mjomba Pimamaji

Nyongeza: Wakati natafuta bahasha ameingia mwalimu mkuu wa shule. Kapeti za shemeji zimemchanikia madarasani mara tatu, watoto wanajikwaa kila siku. Amekwenda kwa yule mteja wangu wa kwanza, amepiga magoti, ametafuta ufa, hakuuona. Anataka madarasa kumi na mawili pamoja na ukumbi. Akauliza itakaa miaka mingapi. Nikamwambia hamsini, na wa hamsini na moja nitamwongezea bure mimi mwenyewe. Mke wangu amekunja futi yake bila kuambiwa, sasa anamchemshia mwalimu chai. Basi ule ushauri urudie, tena ukurasa wa mbele. Karatasi nyingine sina, ndiyo maana naituma hivi hivi, ila barua yenyewe usiichape. Kama mitambo imeshaanza kuzunguka, andika chini yake kwamba imetoka kwa shemeji.