Majani Huja Mwisho

Jumamosi, 7 Juni 2025

Baridi ya Mbeya leo ni ya kugandisha gundi kwenye kopo. Kona za fremu hazishiki. Sijali! Bupe ameniambia baba yake amekubali niende kujitambulisha kesho baada ya ibada. Kesho! Mimi, Liberatus, fundi fremu wa Mwanjelwa, mbele ya Mzee Anania mwenye shamba la parachichi kule juu Uyole. Nimecheka peke yangu kibandani mpaka muuza nyanya wa jirani akauliza kama naumwa.

Habari mbaya: Ezron ametangulia. Ezron ni bwana shamba, naye anamtaka Bupe. Amepeleka miche ya parachichi iliyobebeshwa, ile ya kisasa inayozaa haraka, Mzee ameipanda mbele ya nyumba, na anaimwagilia kwa mkono wake mwenyewe. Ezron, ambaye suruali yake haijawahi kukutana na pasi!

Habari mbaya zaidi: Mzee anajua mimi ni mchoraji. Anajua kwa sababu nilimwambia. Tulikutana kwenye harusi moja, akaniuliza nafanya kazi gani, nikaona "fundi fremu" ni maneno membamba kwa baba mkwe. Nikasema mimi ni msanii wa picha. Akafurahi, akasema siku nikija nisiache kumletea picha moja aione.

Sijawahi kuchora hata kuku.

Jioni nikakumbuka. Picha ya Bi Sakerbanu! Mama wa Kihindi, mjane, aliileta nimtengenezee fremu kabla hajaenda Iringa kula Idi kwa binti yake Taslim. Fremu imekwisha, imekaa vizuri. Picha yenyewe ni ya ajabu. Mchanga wa rangi ya chungwa umepakwa vipande vipande kama viraka. Mbingu nyeupe, jua upande wa kulia. Katikati mti mmoja mweusi, mkavu, hauna hata jani. Kivuli chake ni cha bluu, kikubwa kuliko mti wenyewe. Ni ile michoro ya kisasa ambayo mtu akiulizwa anasema "mmh, nzito" halafu anaondoka. Pembeni kuna maandishi ya Kigujarati. Uyole nzima hakuna atakayeyasoma. Kuanzia leo ni saini yangu.

Siibi. Naazima. Nitaionyesha, nitasifiwa, nitasema bado inakauka, nitarudi nayo. Akili hii niliyonayo inafaa Bungeni.

Jumapili, 8 Juni

Nilipanda bodaboda na mshenga wangu, Mzee Eliezeri. Picha ilishika upepo, pikipiki ikataka kurudi mjini. Tulifika midomo imekauka na kofia ya mshenga imebaki njiani.

Mapokezi mazuri. Chai ya maziwa, viazi, mahindi ya kuchemsha. Ezron naye yupo! Eti kaja kukagua miche siku ya Bwana. Eliezeri akanisemea vizuri sana, ukoo wangu, adabu yangu, mpaka nikaanza kujipenda. Kisha nikasimama, nikavuta kitambaa.

Nikasubiri makofi.

Mama yake Bupe akachukua birika la chai akalirudisha jikoni. Mzee Anania akamuuliza mshenga jambo kwa Kinyakyusa. Mshenga akachukua kiazi kingine. Mzee akaitazama picha, akanitazama mimi. Akaeleza taratibu kwamba mwaka huu ugonjwa wa mizizi umekausha parachichi zake zote za upande wa bondeni. Alizikata mwenyewe, kwa shoka lake. Leo kijana asiyemjua vizuri anakuja kuomba binti, amembebea mti mkavu, ameuwekea na fremu kabisa, ili autazame akila ugali.

Akasema, "Kijana, shamba langu umeliombea nini?"

Ezron akakohoa. Kikohozi cha furaha, nakijua. Nikajikaza kisabuni. Nikasema Baba, samahani, picha haijaisha. Sisi wachoraji hatuanzi na majani. Majani huja mwisho.

Mzee akafikiri. Akaona ina mantiki, hata shambani ni hivyo. Akauliza majani yatakuja lini. Nikasema Jumatano.

Bupe alikuwa amejifunika khanga usoni, mabega yanatetemeka. Maskini, alikuwa analia kwa ajili yangu.

Jumatatu, 9 Juni

Nimenunua rangi za maji, zile za watoto wa shule. Kwa nini? Kwa sababu zinafutika! Napaka majani, Mzee anafurahi, narudi nayo, nafuta kwa kitambaa kibichi, Bi Sakerbanu anakuta mti wake kama alivyouacha. Nimeshangaa kwa nini watu wa mipango kama hii hatupewi nishani.

Jani la kwanza lilitoka kama sikio. La pili nalo sikio. Nikapaka masikio mengi, ukienda mbali kidogo unaona majani. Kisha mkono ukanoga. Nikaongeza parachichi, kubwa kubwa, zinaning'inia. Nikaongeza ng'ombe chini ya mti. Ng'ombe akatoka kama kochi. Nikamgeuza jiwe. Raha iliyoje kazi ya sanaa!

Jumatano, 11 Juni

Ushindi! Mzee Anania alisimama mbele ya picha kama anakagua ndama. Akahesabu parachichi. Akaita majirani. Akanyoosha kidole kuigusa, nikamdaka mkono nikasema Baba, picha ya mafuta ikiguswa na mkono inapoteza nuru. Akauheshimu sana ushauri huo. Akawakataza majirani wote, hasa Ezron.

Ezron akauliza ni parachichi gani inayoota kwenye mchanga bila tone la maji. Nikamwambia ni mbegu mpya, ofisini kwao haijafika. Majirani wakacheka. Nimelisubiri jambo hilo tangu azaliwe.

Halafu nikasema basi, naomba niondoke nayo, haijakauka sawasawa. Mzee akasema itakaukia hapa hapa, moto upo. Akachukua nyundo. Akaigongelea ukutani mwenyewe, juu ya redio.

Niliporudi mjini simu ikaita. Bi Sakerbanu. Anakuja Jumamosi kuchukua picha. Jumanne inayofuata ni hitima ya mumewe, marehemu Jaffer, wanasoma Iringa kwa Taslim, na picha lazima iwepo ukutani kwa sababu ni yeye aliyeichora.

Ni marehemu aliyeichora! Nimempaka marehemu parachichi!

Alhamisi, 12 Juni

Nimeamka na furaha. Mpango mpya. Nitachora nyingine, ya Mzee ibaki Uyole na Bi Sakerbanu achukue hii mpya. Ni mti usio na majani. Nani atashindwa? Mistari tu. Hata mchanga wenyewe ni viraka.

Jioni. Nimeshindwa. Mti wa kwanza umekuwa reki. Wa pili mguu wa kuku. Yule marehemu alikuwa akivuta mstari mmoja unaona kabisa mti umechoka na bado umesimama. Mimi nikivuta, ni mti uliogongwa na lori. Bupe alipita kibandani, akatazama. Akauliza kwa nini nisimwambie baba yake ukweli tu. Nikamweleza kwamba ukweli ni wa watu waliokosa mpango. Akashika kona ya fremu mpya niliyokuwa nimeiunga asubuhi, akaipapasa, akaondoka bila kuaga. Nadhani ilimvutia hekima yangu.

Jambo moja nimelifanya vizuri kuliko marehemu. Kwenye picha yake, niliyoipiga kwa simu, jua liko kulia na kivuli nacho kiko kulia. Kosa la wazi! Nimemrekebishia. Kivuli nimekiweka kushoto, panapostahili.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwa Bi Sakerbanu. Ni mama mfupi, hasemi kwa sauti, na anaendesha mwenyewe kigari kidogo cheupe. Nikampa picha mpya. Akaivalia miwani. Akaishika mbali, akaishika karibu.

Akaniuliza, "Fundi, kivuli cha Jaffer kiko wapi?"

Nikaeleza kwa unyenyekevu kuhusu lile kosa la jua. Akaketi kwenye stuli yangu. Akasema mumewe alikuwa na duka Makongolosi, kule Chunya kwenye dhahabu, miaka ile yeye mkewe yuko Mbeya na watoto shuleni. Mti ule ulikuwa mbele ya duka. Jaffer aliuchora asubuhi kabla ya kufungua, na kivuli akakichora jioni baada ya kufunga. Katikati alikuwa akiuza sabuni na mafuta ya taa. Picha ile alimtumia mkewe ili naye aone anachokiona Jaffer kila siku.

Nikamwambia yote. Sikuwa na mpango mwingine, hiyo ndiyo sababu. Hakupiga kelele. Akasema twende.

Uyole tulikuta Mzee Anania anawaonyesha picha wageni wa kanisani. Ezron yupo, bila shaka. Bi Sakerbanu akasalimia kwa heshima, akaomba maji kwenye bakuli na kitambaa safi. Mama yake Bupe akaleta akidhani mgeni anataka kunawa. Bi Sakerbanu akaenda ukutani, akaanza kufuta.

Majani yakaanguka! Parachichi zikachuruzika ukutani, kijani kikaingia kwenye redio. Mzee akashika kiti. Kila kitambaa kilipopita, tawi moja likabaki tupu, na Mzee akaguna kama anaona shamba lake lote likikauka kwa mara ya pili. Mgeni mmoja akaanza kusali. Mpaka mti ukabaki vile vile, mweusi, mkavu, na kivuli chake cha bluu upande usio wake.

Bi Sakerbanu akawaeleza habari za Makongolosi, duka, asubuhi na jioni. Alipomaliza, Mzee akainuka, akampa kiti chake mwenyewe, kile ambacho hata mchungaji hakalii. Akasema yeye aliona mti wa kumtukana, kumbe ni mtu alikuwa anamkumbuka mkewe.

Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, Liberatus? Humu ndani cha kwako ni kipi?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mara ya kwanza maishani mwangu! Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka, nikaona wazi Bupe anakwenda zake na mtu wa miche, na yote nimeyataka mwenyewe.

Bupe ndiye aliyejibu. "Fremu, Baba. Fremu ni yake. Mimi sikumpenda mchoraji, nilimpenda huyo aliyeiunga hiyo."

Mzee akaishusha picha. Akapitisha ukucha kwenye kona, akitafuta nafasi. Akapitisha kona ya pili. Akaigeuza nyuma, akatafuta msumari uliopinda. Hakuna! Akasema mkono wangu umenyooka, tatizo liko mdomoni. Bupe akanifuata uani, akasema sharti lake ni moja tu, nisiseme uongo tena, hata mdogo. Nikaapa. Nililia kidogo. Kumbe hata Jumapili ile nyuma ya khanga alikuwa anacheka!

Jumapili, 15 Juni

Siku ya kwanza ya maisha mapya. Nimekuwa mkweli tangu asubuhi na naona sura yangu imebadilika kwenye kioo.

Mzee Anania aliniita chakula cha mchana. Amepanga kupeleka parachichi Iringa kwenye hitima, makreti kadhaa, heshima kwa Bi Sakerbanu na marehemu. Nami nimfikishie Taslim salamu zake, na niitundike picha mwenyewe, fremu yangu iwe sawa ukutani. Akasema tukirudi salama tutakaa na Eliezeri tupange siku ya mahari. Mahari! Nilitaka kuruka juu ya meza. Bupe alitabasamu mpaka sahani ya wali ikaisha.

Kisha Mzee akasema dereva wa kirikuu chake, kile kigari cha mizigo, anaumwa malaria. Akauliza kama najua kuendesha gari.

Nimesema ndiyo, Baba, tangu utotoni.

Bupe aliacha kutafuna. Lakini nimefikiri sana na sioni uongo wowote hapo. Uongo ni jambo lililopita. Hili ni la kesho, na mpaka kesho nitakuwa najua. Ezron mwenyewe amejitolea kunifundisha jioni hii, na kanishika bega kwa upendo kabisa. Nilimdhania vibaya, kijana wa watu. Tunaondoka alfajiri, Mzee mbele pembeni yangu, Bupe nyuma na makreti, milima yote hiyo mpaka Iringa.

Nimeshaikagua gari. Ina pedali tatu na mimi nina miguu miwili. Nadhani ya tatu ni ya abiria.