Chupa ya Uzazi Iliyonywewa pa Barrière

Butembo, tarehe 12 Machi 2001

Kwa Bwana Commandant wa barrière ya kuingilia Beni

Bwana Commandant,

Mimi ni Mathe Phinées, mushonaji wa Kimemi, baba wa batoto babili banamuke, mugonjwa wa kansa ya tezi. Nakuandikia kwa heshima yote juu askari bako bamekunywa uzazi wangu.

Kila wiki tatu napita pa kizuizi chako kwenda Kampala kupigwa chimio, sindano ya kansa. Munganga wa hospitali ya kule alinionya kwamba sindano hiyo inaweza kukausha mbegu ya mwanaume. Donc nikaenda kwa Mama Florentine, anayechemsha majani, akanipa chupa ya kulinda mbegu. Safari iliyopita niliibeba, na malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Juu ya chupa niliandika kwa mukono wangu: «Dawa ya uzazi ya Mathe, hapana pombe.» Askari Gustave akaisoma kwa sauti mbele ya bamama ba maharagwe, kisha akasema lazima contrôle. Akafanya contrôle yeye, akafanya Elikia, akafanya Bertrand, mupaka chupa ikakauka. Bakanipa karatasi ya reçu: «kinywaji cha kienyeji, lita moja.» Mulikuja kutukomboa, tunashukuru, mais chupa yangu haikuomba ukombozi. (Tulizuiliwa mupaka mangaribi, tukakuta douane ya Kasindi, pa kuingilia Uganda, imefungwa, na sindano ikachelewa siku mbili. Lakini hilo ni jambo dogo.)

2. Dawa ile inamulinda mutu na chimio. Sasa Gustave analindwa na sindano asiyopigwa, na mimi napigwa bila kulindwa. Zimebaki sindano tatu, nao balikunywa batatu. Naomba ubatume Kampala, kila mutu na sindano yake. Batatapika kidogo, nywele zitaanguka. Kofia nitabashonea mimi, bure.

3. Kwetu Banande kila mutoto ana jina linalomungojea kwa zamu yake ya kuzaliwa. Katika nyumba yangu jina la mwanaume wa kwanza limengoja miaka sita. Kama Gustave atazaa mwanaume kwa nguvu ya chupa yangu, huyo ni wa kwetu. Aletwe Kimemi achukue jina lake.

4. Tangu siku ile Gustave anajisifu. Rafiki zake bote ba upande wa Ruwenzori banatuma watu kwa Mama Florentine kuuliza «ile ya Mathe». Habari imefika hata Kanyabayonga, kule mbali. Hata ku misa watu bananiangalia kiunoni mbele ya kuniangalia machoni. Kansa niliipokea bila kulia, Commandant, mais hii imeniliza.

Basi naomba reçu isahihishwe, na askari batatu bawe tayari Alhamisi na mizigo yao. Unisalimie bibi yako na batoto, Elikia, Bertrand, hata yule anayeshika kamba ya barrière. Gustave pia, kwa shingo upande.

Wako mutiifu, mwenye kupungukiwa,
Mathe Phinées

N.B. Bibi yangu Kanyere amesoma barua hii, akakaa chini. Anasema munganga wa Kampala alimukataza kuniacha nichanganye chimio na majani yoyote bila munganga kujua. Kwa hiyo, mbele ya safari ile, alimwaga dawa nyuma ya nyumba na kujaza chupa chai ya citronnelle, mchaichai tu. Nikamuuliza: na mutoto wetu mwanaume? Akajibu kwamba jina limezoea kungoja, lakini yeye na batoto babili hapana kuzoea kukaa bila mimi. Kisha akaenda jikoni, na nilimusikia analia.

Donc, Commandant, namba moja mupaka ine, uzitupe zote. Ubakize lile jambo dogo la mu mabano. Munganga anasema sindano ikichelewa tena, ugonjwa utatutangulia. Alhamisi tutafika pako saa mbili asubuhi. Tafadhali mutufungulie. Tutabeba chupa mbili za citronnelle, moja ni ya Gustave, na asiambiwe kitu.