Kigae Kisicho na Risasi

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu kaja na kigae cha maabara. Kidogo kama kifungo cha koti, lakini ukikigonga kinatoa umeme! Ni kauri, na haina risasi. Ijumaa anawaonyesha maprofesa. Wakiridhika, ni daktari wa sayansi. Akaanza kunieleza kuhusu hiyo risasi. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa namfikiria jirani muuza vyombo, anayetuchosha na mwanawe rubani.

Jumanne, 4 Machi
Binti kaingia kuoga. Mimi na kigae, moja kwa moja dukani kwa jirani. Nikatangaza mbele ya wateja: mwanangu katengeneza kauri isiyo na risasi! Jirani akauliza, kwani shoga, umeshaona sahani inayobeba bunduki? Vicheko! Nikamwambia aendelee kuuza vikombe visivyowasha hata taa. Nikatoka kichwa juu. Jirani alikuwa amekishikashika kigae, kikawa na alama za vidole vyake. Nikakiosha, nikakikausha kwenye kikaango cha moto. Kiling'aa!

Jumatano, 5 Machi
Kigae kimekufa. Binti kakigonga, mshale wa kipimo haukutikisika. Ikabidi nitaje kikaango. Hakunigombeza. Alikaa sakafuni, bora angenigombeza. Baadaye akanieleza: ndani mna chembe zilizo njia panda kati ya mikao miwili, hazijaamua zisimame vipi. Ndiyo maana ukizisukuma kidogo tu zinageuka, na umeme unatoka mwingi. Ila kwanza huelekezwa upande mmoja kwa umeme mkali, na joto huzisahaulisha upande huo. Tumbo hili hili ndilo lililozaa kichwa kile!

Alhamisi, 6 Machi
Kashinda maabara. Kakitumbukiza kigae kwenye mafuta ya moto, kakipitishia umeme mkali humo humo, eti joto likienda pamoja na umeme chembe huelekezwa upya. Mimi sili, silali.

Ijumaa, 7 Machi
Kimeamka! Maprofesa wamesimama kumpongeza. Nilipiga vigelegele kabla hajamaliza kusema, wakanigeukia wote. Na wageuke! Ndiye daktari wangu.
Jioni kanikalisha, kanieleza taratibu: mama, risasi hii ni madini yenye sumu, si ya bunduki. Sasa nimeelewa kabisa. Kesho naenda kumwuliza jirani, mbele ya wateja, sahani zake zina sumu kiasi gani.
Kigae nimekiazima tena. Kimejaa alama za vidole vya maprofesa. Lakini mimi si mjinga: safari hii nakikausha kwa moto mdogo.